Mlezi wa Kweli Hufungua Mlango
(Somo kwa vijana, kwa walezi, na kwa wote wanaoutafuta uongofu)



Jioni moja, baada ya darsa hapa Ngokolo, mjini Shinyanga, kijana mmoja alibaki nyuma wenzake walipokwisha kuondoka. Umri wake ulikuwa kama miaka 16. Jina lake silitaji, wala kijiji chake, maana aliyoniambia ni amana. Alinieleza kwamba mume wa mama yake alikuwa akimpiga tangu utotoni, hata siku moja akatoroka na kuifuata njia ya machimboni, upande wa Geita. Huko alipokewa na mtu mmoja mwenye duara la dhahabu. Mtu huyo alimpa chakula cha moto, akampa shati na blanketi, akamwita "mwanangu". Kabla ya hapo hakuna mwanamume aliyemwita hivyo kwa sauti ya upole.

Muda si mwingi mtu yule akaanza kumshusha shimoni usiku, akamfundisha kukamata dhahabu kwa zebaki kwa mikono mitupu, na ujira wake akasema kwamba anamwekea. Alipouliza habari za ujira huo alipigwa. Kesho yake akanunuliwa viatu.

Watu wema walimtoa kijana huyu machimboni, lakini moyo wake ulikuwa haujatoka. Akaniuliza, "Mwalimu, dini yatuamuru kuwatii wazazi. Yule ndiye baba niliyempata. Je, nikimwacha, sitakuwa mwasi mbele ya Mungu?"

Swali hili halifai kujibiwa kwa kicheko wala kwa makemeo. Wala kijana huyu hayuko peke yake. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Kahama na Chunya, wakishuka mashimoni na kushika zebaki. Lakini mahali ambapo mtoto aliyejeruhiwa hukutana na mtu mzima anayemhitaji si machimboni tu. Ni sokoni, ni majumbani, ni vitani, na, Mungu atuepushe, hata katika nyumba za ibada. Basi yafaa tulichunguze jambo lenyewe: kwa nini mtoto aliyeumizwa humpenda yule anayemwumiza, na ni kwa alama gani tutamtambua mlezi wa kweli?

KISA CHA UGANDA

Ili tuyaone mambo haya wazi, tukitazame kisa kimoja kilichopimwa mbele ya mahakimu kwa miaka mingi. Katika nchi ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda, Joseph Kony alianzisha kundi la waasi lijulikanalo kwa kifupi kama LRA, akadai kwamba lapigana kwa jina la Bwana na kwamba roho husema kwa kinywa chake. Watu wa nchi hiyo walipokataa kumpa vijana wao kwa hiari, akawachukua watoto kwa nguvu. Inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 20,000 walitekwa katika miaka ya vita hiyo.

Mmoja wao alikuwa Dominic Ongwen, mtoto wa kijiji cha Coorom. Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 9 hivi, alitekwa njiani akienda shuleni. Akawekwa katika maskani ya kamanda aitwaye Vincent Otti, akafundishwa vita, akakua, akapandishwa cheo baada ya cheo, mpaka akawa kamanda wa kikosi kikubwa kiitwacho Sinia. Mwaka 2004 askari waliokuwa chini yake walizishambulia kambi za wakimbizi za Odek, Lukodi na Abok. Yafaa ifahamike kwamba Odek ndiko alikozaliwa Kony mwenyewe. Mtu aliyejifanya baba wa watoto wa watu hakuihurumia hata nyumba ya baba zake.

Mwaka 2007 Vincent Otti, ambaye katika maskani yake Ongwen alilelewa, aliuawa kwa amri ya Kony. Hata hivyo Ongwen aliendelea kubaki katika kundi lile kwa miaka mingine 7. Alijitoa mwanzoni mwa mwaka 2015 tu, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, akiwa amekaa humo miaka 27.

KAMBA YENYE NYUZI NNE

Mwenye akili atauliza: ni kamba gani hii iwezayo kumfunga mtu miaka 27? Ukiyachunguza maelezo ya watoto waliorudi kutoka msituni, utaona kwamba kamba hiyo husokotwa kwa nyuzi nne.

Uzi wa kwanza ni kuikata njia ya nyumbani. Watoto walipelekwa mbali upesi, wakaambiwa kwamba wakirudi watauawa na askari wa serikali, au kwamba jamaa zao hawawataki tena. Wengine walilazimishwa kutenda uovu katika vijiji vyao wenyewe, ili wasiwe na uso wa kurudia. Machimboni na mitaani uzi huu husokotwa kwa maneno matupu: "Kwenu nani anakutaka? Mimi tu ndiye ninayekupenda."

Uzi wa pili ni kumtia mtoto hatiani. Mtoto mmoja alipojaribu kutoroka, wenzake walilazimishwa kumpiga, na mara nyingi kumwua. Tangu siku hiyo kila mmoja wao alibeba siri nzito, akajiona kuwa mchafu, na akadhani kwamba hakuna atakayempokea ila waliochafuka kama yeye. Ewe msomaji, aibu hufunga kuliko pingu. Kwa hiyo mwovu hupenda kumshirikisha kijana katika wizi wake au zinaa yake, kisha humwambia, "Sasa sisi ni kitu kimoja."

Uzi wa tatu ni kujivika mamlaka ya Mungu. Watoto walipakwa mafuta kwa ibada maalum, wakaambiwa kwamba roho zinawaona na zitamjua atakayetoroka. Na makamanda wao waliwaita lapwony, neno la Kiacholi lenye maana ya mwalimu. Mtoto asiyeweza kumkimbia mtu aweza kukimbia usiku. Lakini mtoto aliyeaminishwa kwamba Mungu mwenyewe yuko upande wa mtesi wake, atakimbilia wapi?

Uzi wa nne ndio mwembamba kuliko zote, na ndio mgumu kukatika. Nao ni wema uliochanganywa na mapigo. Kamanda aliyetisha ndiye aliyegawa chakula, na mkono uliopiga ndio uliotoa cheo. Mtoto aliyeshiba mapenzi ya nyumbani hujua kwamba viatu si fidia ya kipigo. Lakini mtoto ambaye tangu kuzaliwa hakuonja ila mapigo, akipewa kipande cha wema kati ya mapigo mawili, hukishika kipande hicho kama mwenye njaa ashikavyo mkate. Hamfikirii tena aliyempiga jana, bali hungoja kwa hamu yule atakayemchekea kesho, naye ni mtu yule yule mmoja.

Basi tusiseme kwamba kijana wa namna hii ni mpumbavu, wala tusiseme kwamba mapenzi yake ni ya uongo. Mapenzi yake ni ya kweli. Ila yamewekwa kwa asiyestahili, kwa sababu wale waliostahili hawakuwepo.

ZAID NA BABA WAWILI

Sasa tuangalie kisa kingine kinachofanana na hiki kwa mwanzo wake, na kutofautiana nacho kwa mwisho wake. Kabla ya Uislamu, huko Bara Arabu, mtoto aitwaye Zaid bin Haritha alitekwa na wavamizi alipokuwa safarini na mama yake. Akauzwa katika soko la Ukaz, akafika Makka nyumbani kwa Bibi Khadija r.a., naye alipoolewa na Muhammad s.a.w. akampa mtoto huyo.

Haritha, baba yake, hakuacha kumtafuta. Aliposikia kwamba mwanawe yuko Makka, alifunga safari pamoja na ndugu yake, wakiwa na fedha za kumkomboa. Je, Muhammad s.a.w., ambaye wakati huo hajapewa utume, alifanya nini? Hakumficha mtoto. Hakusema, "Mimi ndiye niliyemlisha." Hakudai hata dirhamu moja. Alimwita Zaid mbele ya baba yake, akamwacha achague mwenyewe: akitaka kwenda, aende bila fidia, akitaka kukaa, akae. Zaid akachagua kukaa. Ndipo Muhammad s.a.w. akatangaza mbele ya watu wa Makka kwamba huyu ni mwana wake, naye Haritha akarudi kwao moyo wake umetulia.

Tena jambo halikuishia hapo. Kwa miaka mingi watu walimwita Zaid bin Muhammad. Kisha ukashuka wahyi katika Sura Al-Ahzab (33:6), ukiamuru kwamba watoto wa kulea waitwe kwa majina ya baba zao waliowazaa. Hivyo jina la Haritha likarudishwa. Mapenzi ya nyumba ile hayakupungua, lakini hata kwa jina mtoto hakukatwa na kwao.

Huenda ukasema, ndugu msomaji: "Yule kijana wa machimboni naye akiulizwa atamchagua mwenye duara. Kwa nini uchaguzi wa Zaid tuusifu, na huu tuuogope?" Ni hoja nzuri, na jibu lake ndilo kiini cha somo letu. Zaid alichagua akiwa mbele yake pana mlango ulio wazi, na baba mwema amesimama mlangoni. Hakutishwa, hakuzuiliwa haki yake, wala hakutumwa kumdhuru mtu. Kijana wetu yeye alichagua kati ya jeraha na jeraha, kati ya fimbo ya baba wa kambo na giza la shimo. Uaminifu wenye thamani ni ule wa mtu awezaye kuondoka naye akabaki. Uaminifu wa mtu asiyeona mlango ni kifungo, hata kama aliyefungwa anaimba sifa za mfungaji.

MPAKA WA UTII

Na ile amri ya kuwatii wazazi? Naam, ni amri kubwa. Lakini Kurani Tukufu yenyewe imeiwekea mpaka. Katika Sura Luqman (31:16) twafundishwa kwamba wazazi wakimshurutisha mtu amshirikishe Mungu, asiwatii katika hilo. Lakini hapo hapo ameamriwa aendelee kukaa nao kwa wema katika mambo ya dunia. Tazama jinsi mizani ilivyo sawa: kukataa amri mbaya, bila kukata udugu. Ikiwa mzazi halisi amewekewa mpaka, sembuse mtu aliyejitwalia ubaba kwa sahani ya ugali?

Tena imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba kamanda mmoja, akiwa amewakasirikia watu wake, aliwaamuru wakusanye kuni na kuwasha moto, kisha akawaamuru waingie ndani yake, akitaja utii wanaomwia. Wakasita mpaka hasira yake ikapoa. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w. alisema kwamba lau wangaliingia wasingalitoka tena, na kwamba utii ni katika yaliyo mema tu. Kamanda yule alikuwa Mwislamu, na aliteuliwa kihalali. Hata hivyo amri yake ya moto haikuwa amri. Basi mtu yeyote akuambiaye, "Mtii Mungu kwa kuingia motoni mwangu," ujue kwamba hasemi kwa ajili ya Mungu.

HUKUMU NA HURUMA

Hapa pana jambo zito ambalo hatuna budi kulitazama bila woga. Tarehe 4 Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia Ongwen hatiani kwa makosa 61, na tarehe 6 Mei mwaka huo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Mwenyewe alikuwa ameiambia Mahakama kwamba yeye pia ni mmoja wa waliotendewa maovu na LRA. Majaji hawakulikana hilo. Walikubali kwamba alitekwa akiwa mtoto na kwamba aliteseka, na kwa sababu hiyo hawakumpa kifungo cha maisha. Lakini walikataa kwamba mateso ya utotoni yaifute hatia ya ukubwani. Alipotenda makosa yale alikuwa mtu mzima mwenye cheo, na kati ya makosa hayo lilikuwamo la kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Yaani yale aliyotendewa yeye njiani kwenda shuleni, akawatendea watoto wa wengine.

Katika Sura ile ile ya Al-Ahzab (33:68) twaelezwa habari za watu watakaojitetea siku ya hukumu kwamba waliwatii mabwana zao na wakubwa zao, nao wakawapoteza njia. Utetezi huo hautawatoa. Kila nafsi itachukua mzigo wake. Lakini wakubwa nao hawataachwa. Mwezi Septemba 2025 Mahakama hiyo ilisikiliza mashtaka dhidi ya Kony pasipo yeye kuwapo, kwa kuwa alikuwa hajakamatwa. Na mbele ya Mahakama ya Mwenyezi Mungu hakuna atakayehukumiwa pasipo kuwapo.

Kwa hiyo tushike mambo mawili pamoja. Mtoto aliyefungwa kwa kamba ile anastahili huruma, si lawama. Lakini kila mwaka apitao anasogea karibu na siku ambayo atakuwa mtu mzima, naye ataulizwa. Ndiyo maana haifai kusema, "Atakua, ataelewa." Mlango hufunguliwa leo, kijana angali kijana.

YATUPASAYO

Kwanza, tuwafuate waliopotea. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 waasi wa LRA waliwachukua wasichana 139 kutoka shule ya St. Mary's, Aboke. Mtawa wa Kikristo, Sista Rachele Fassera, pamoja na mwalimu mmoja wa kiume, walizifuata nyayo zao porini wakiwa mikono mitupu, na wakarudi na wasichana 109. Waasi waliwabakiza 30. Sisi twatofautiana na mtawa huyo katika itikadi, lakini haki isemwe: alifanya kama Haritha. Mtoto wa jirani yako aliyeelekea machimboni, nani amemfuata?

Pili, tumpokee anayerudi. Waacholi wana desturi kwamba aliyekuwa mbali kwa muda mrefu au porini hukanyaga yai anapoingia tena nyumbani, iwe ishara kwamba amekaribishwa. Sisi hatuna desturi hiyo, lakini tunayo salamu, tunayo sahani, na tunao ulimi wa kunyamaza tusimtupie maneno. Kijana akirudi kwa aibu akakutana na masimango, basi tumemsokotea mtesi wake uzi wa kwanza kwa mikono yetu.

Tatu, tutumie njia za sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania humhesabu mtoto kuwa ni kila aliye chini ya miaka 18, na inakataza kumtumikisha katika kazi za kumdhuru. Yapo madawati ya jinsia na watoto katika vituo vya polisi, wapo maafisa ustawi wa jamii, na namba 116 hupigwa bila malipo kwa habari za mtoto anayeteswa. Kunyamaza kwa kuchelea ugomvi wa majirani si subira.

Nne, sisi waalimu wa dini tujipime. Mimi nami naitwa mwalimu, na huko msituni wauaji nao waliitwa hivyo. Wengi wa wanaoingia katika dini hukataliwa na jamaa zao, wakaja kwetu na moyo uliopasuka. Ni rahisi sana kwa mwalimu kuupenda utii wa mtu wa namna hiyo, akamwambia, "Waache, mimi ndimi baba yako sasa." Hiyo siyo njia ya nyumba iliyomlea Zaid. Anayeingia leo, kesho tumkumbushe kwenda kumsalimu mama yake. Na wewe unayechunguza dini, mpime kila mwalimu kwa maswali haya: Je, anakuruhusu kuwaona jamaa zako? Je, waweza kumwuliza swali bila kuogopa? Je, anakupa haki yako mkononi? Je, aliwahi kukutuma ufanye jambo ambalo ungeona haya kumwambia mama yako? Je, ukitaka kuondoka, mlango u wazi? Ukimwona anakasirishwa na maswali yenyewe, umekwisha pata jibu.

JIBU KWA KIJANA

Nilimwambia hivi kijana yule: "Mwanangu, kwa blanketi na chakula una deni la shukrani, nalo waweza kulilipa kwa kumwombea mtu yule aongoke. Lakini utii huna deni nao. Kumwacha si uasi. Ni kukataa kuingia motoni. Ujira wako ni haki yako, nasi tutautafuta kwa njia ya halali, si wewe peke yako. Na kipigo cha mume wa mama yako hakikuwa haki, wala hakikuwa kosa lako."

Hakujibu neno. Juma lililofuata alikuja darsani, akakaa karibu na mlango, mahali ambapo mtu aweza kuondoka upesi. Sikumwambia asogee mbele. Juma la tatu akaniuliza kama kuna anayeweza kufuatana naye kwenda kumwona mama yake.

Ewe Mwenyezi Mungu, Wewe ndiwe Mlezi wa walimwengu wote. Wahifadhi watoto wetu na kila mkono uwashikao ili uwafunge. Watie nguvu walio ndani watoke, na uwape walio nje ujasiri wa kuwafuata. Nasi tulio walezi utujalie tuwe milango, tusiwe kuta. Amin.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja nyuzi nne za kamba inayomfunga kijana kwa mtesi wake. Ni upi umewahi kuuona mtaani kwako?
2. Uchaguzi wa Zaid ulitofautianaje na uchaguzi wa kijana wa machimboni?
3. Mzazi akiamuru jambo baya, ni mambo gani mawili aliyoamriwa mtoto?
4. Kwa nini mateso ya utotoni humpunguzia mtu adhabu, lakini hayaifuti hatia yake?